Masanduku Matano ya Bluu

Théophile hakuwa na baiskeli. Hakuwa na saa ya mkono, wala gramafoni, wala kiti kimoja chenye mgongo cha kumkalisha mgeni. Hakuwa na karte, ile karatasi ya serikali inayosema kwamba mtu huyu anaishi kistaarabu na asichapwe fimbo. Lakini kilichomnyima usingizi ni kingine. Hakuwa na masanduku ya vitabu kama ya Emile.

Emile alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kasongo. Serikali ilikuwa imemhamisha mara tatu, Lusangi, Wamaza, kisha Kabambare, na kila mara vitabu vyake vilifika vimelowa au vimepungua. Kabla ya safari ya nne alitengeneza masanduku matano ya mbao, yaliyo wazi upande mmoja. Ukiyapanga moja juu ya jingine, vijiti vya sanduku la chini vinaingia katika matundu ya lile la juu, na hapo una kabati la kufika kifuani. Siku ya kuhama unachomeka ubao mbele ya kila moja, watu wawili wanashika kamba za pembeni, na hakuna kitabu kinachotoka mahali pake.

"Haiko kabati, ndugu Théo," Emile alimwambia siku alipomkaribisha. "Iko masanduku tu. Nikuonyeshe namna ya kutengeneza?"

"Mimi sina haja," Théophile alijibu.

Emile alipoingia ndani kuagiza chai, Théophile aliyapima kwa shibiri. Urefu nne, kimo moja.

Mwaka ule habari ilitoka kwamba kutoka Kasongo litapelekwa Bukavu, kwa wakubwa wa jimbo, jina moja tu la mtu wa kupewa karte. Waombaji waliobaki ni wawili: Emile, na Théophile, karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya. Tume ingeingia katika nyumba zao, itazame vitanda, sahani na vitabu.

Vitabu Théophile alikuwa navyo. Ishirini na vitatu, alivyonunua kimoja kimoja tangu alipoanza shule ya jioni. Vilitoka duka la misioni, kama vya Emile, kwa sababu duka jingine la vitabu halikuwapo. Vililala katika kikapu chini ya kitanda.

Akanunua mbao, akajifungia nyuma ya jiko. Emile asijue. Mtu yeyote asijue kwamba karani mzima anaiga kazi ya muuguzi. Majirani waliposikia msumeno aliwaambia anajenga banda la kuku.

"Baba Sidonie," mke wake Marcelline alisema siku ya kupaka rangi, "paka hata kijani basi."

"Hapana. Bluu."

"Kama ya Emile?"

"Kama ya Emile kabisa. Wazungu wasiseme yake iko mazuri kupita yangu."

"Na kuku je? Majirani wanauliza kila siku."

"Waambie wamekufa."

"Kuku wasiozaliwa wamekufa! Ee, baba, huu wivu utakumaliza."

Jumanne tume iliingia kwa Emile. Walikuwa mzungu wa ofisini na padiri mmoja mzee. Walikaa muda mrefu. Kutoka barabarani Théophile alisikia kicheko cha padiri, na baadaye akaambiwa kwamba mzungu alipiga magoti kutazama vile vijiti na matundu.

Jumatano asubuhi alipeleka faili mezani kwa mzungu, akabaki amesimama.

"Kuna nini, Théophile?"

"Si kitu, bwana. Yale masanduku ya bluu. Watu wawili tu wanayabeba. Leo yako kwa Emile. Kesho, nani anajua?"

Mzungu akaweka kalamu chini. "Unasema watu wanaazimana?"

"Mimi sikusema, bwana. Nimesema yanabebeka."

Hakusema uongo, alijiambia. Alitoka akitembea kwa wepesi.

Alhamisi tume ilifika kwake. Marcelline alikuwa amefagia mara mbili. Mzungu alisimama mlangoni, akatazama masanduku matano, akamtazama padiri. Kisha akashika kamba za lile la juu, akaliinua.

"Kweli, yanabebeka."

"Ndiyo, bwana! Kwa nusu saa nyumba nzima imehama."

"Nusu saa," mzungu alirudia, akaandika katika daftari lake.

Hawakunywa hata chai. Théophile akaona ni dalili njema: wameridhika, hawana tena la kutafuta.

Ijumaa mzungu alimwita kwenye mashine ya kuandika, akamsomea barua ya Bukavu polepole. Vidole vya Théophile vilikimbia. *Mmoja wa waombaji ni mtu mkweli na fundi hodari, tunamwombea karte. Wa pili ametuonyesha kabati lisilo lake, lililobebwa kutoka nyumba ya mwenzake. Tulionywa mapema na mtu mwaminifu, kisha tukaona kwa macho yetu. Mtu huyu asiruhusiwe kuomba tena.*

"Majina acha nafasi," mzungu alisema. "Nitatia mwenyewe."

Mtu mwaminifu. Alipoyatamka maneno hayo mzungu alimtazama machoni, akatabasamu. Théophile alilisoma neno hilo mara tatu kabla ya kuitoa karatasi.

Mzungu akaandika majina mawili kwa kalamu, akakunja barua, akaitia katika bahasha, akamrudishia aifunge.

"Maskini Emile," Théophile alimnong'oneza tarishi aliyengoja mlangoni. "Mutu mupole vile."

Kisha akayeyusha lakiri, akakandamiza muhuri kwa nguvu kuliko siku zote, akampa tarishi barua iliyobeba, penye nafasi ya mwongo, jina la Théophile.