Komeo Jipya

"Komeo hili limewahi kutumika popote nje ya karakana yako?" afisa wa hataza aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu.

Fundi aliitupia fomu jicho. Ilisema wazi kwamba kifaa ambacho watu wamekwisha kukiona hakipewi hataza, ile hati ya kumlinda mvumbuzi. Kwa miaka mitatu alikuwa akilichonga komeo lile, analivunja, analichonga tena, mpaka springi yake ikakubali kulifunga lango bila kuguswa. Sasa lilikuwa mezani, linameta, na kidole chake gumba kilisugua ncha yake mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Halijatumika," alisema.

Shangazi yake, aliyekuja kumsindikiza na kukaa nyuma yake kwa madaha kama mama wa bibi harusi, aliangua kicheko.

"Acha unyenyekevu, binti! Mwambie bwana mkubwa ukweli. Langoni kwangu lipo jingine kama hili tangu mwaka juzi, na halijanigomea hata siku moja. Kila mgeni analiulizia. Yule jirani yangu mwenye mdomo alilipiga picha mpaka simu ikamzimikia mkononi."

Fundi alirudisha mguu nyuma, akamkanyaga.

"Ee! Mbona wanikanyaga? Si nakusifia?"

Afisa hakucheka. Aliiweka kalamu chini, akamsogezea shangazi kiti karibu na meza.

"Mama," alisema kwa upole, "hiyo picha jirani bado anayo?"