Punje ya Tabibu

Joka lilikufa Jumamosi alasiri, juu ya meza ya bwalo iliyokuwa bado inanata uji wa asubuhi. Halikuacha mjane. Liliacha punje saba za maharage, ambazo katika mchezo wao ndizo alama za uzoefu. Bupe, msimulizi wa mchezo, alizisukuma mbele ya Kihwele, kwa sababu aliyepiga pigo la mwisho ndiye anayegawa.

Mkude ndiye aliyecheza tabibu. Tabibu wake alihitaji punje moja tu apande daraja. Akiikosa, lango la mji unaofuata lingemfungia nje, naye angebaki bwenini kila Jumamosi akisikiliza wenzake wakicheka.

Kihwele akajipa tatu, akampa Tumsifu, mchezaji mwenzao, tatu. Ikabaki moja.

"Tabibu hajaua hata mbu," alisema, akaifunika kwa kidole. Punje hiyo ingemfanya yeye jemadari.

"Na wewe mheshimiwa, leo umekufa mara ngapi?" Tumsifu akauliza.

"Mbili."

"Nani alikufufua?"

Kihwele alimkazia Mkude macho. "Mbona huombi, we?"

"Tabibu haombi," Mkude alisema. "Anasubiri mgonjwa."

Hakuna aliyecheka. Polepole, Kihwele akainua kidole. Meza ile ilikuwa imeinama tangu shule ijengwe, na punje ikaanza kubingirika kuelekea upande wa Mkude, aliyekuwa amekinga viganja vyote viwili, huku mkono wa Kihwele ukiifuata kwa juu, bila kuigusa.