Singo ya Raudha

Raudha alikuwa ameketi mkekani, singo imemkauka mikononi na shingoni, wifi yake alipoingia kutoka Masumbwe na kopo la krimu mkononi.

"Shikamoo, shangazi," alimwamkia shangazi yake Raudha, mwenye nyumba, kisha akamgeukia bibi harusi. "Oga utoe hayo matope, wifi, ujipake hii. Mpaka Ijumaa utakuwa umetakata. Ukoo wetu wote unakuja, na unataka kuona bibi harusi mweupe."

Shangazi, aliyekuwa ametwanga liwa, manjano na karafuu za singo hiyo tangu asubuhi, aliinamisha uso. Upande wa bwana harusi haujibiwi ovyo.

Raudha alianza kusugua mkono wake taratibu, kutoka kwenye kiwiko kushuka chini. Singo ilikatika vipande vidogo vya njano vikaangukia khanga, na chini yake ngozi ikatokea nyeusi, laini, inang'aa na kunukia karafuu. Aliitazama kwa muda.

"Wifi," alisema, "kaka yako aliniposa nikiwa na rangi hii. Kama anataka nyingine, akapose kwingine. Kopo lako rudi nalo."

Shangazi akapiga kigelegele kilichowaleta majirani mlangoni.

Wifi hakuondoka. Alivua bangili zake polepole, akanyoosha mikono. Ilikuwa myeupe yote, isipokuwa vifundo vya vidole, vyeusi kama masizi.

"Shangazi," aliuliza kwa sauti ndogo, "singo imebaki?"