Kadi ya Chilumba

Mzee Nchimbi hakuwa na gari wala pensheni, na hakuwa na ruhusa ya kuvuka daraja alilolichomelea mwenyewe. Sheria iliwaruhusu waliolijenga na wake zao tu. Bintiye alikuwa amejifungua ng'ambo.

"Babu, kadi ya zamu iliyogongwa miaka yote ya ujenzi ni ya Chilumba," karani wa vibali vya daraja alicheka. "Wewe labda ulipika chai."

"Chilumba aliugua. Nilishika zamu zake kwa kadi yake, asifukuzwe."

"Basi andika hivyo. Tutamfuta yeye na mkewe."

Mjane wa Chilumba huvuka kila wiki kwenda hospitali kusafishwa damu.

Mzee aliandika kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi: "Chilumba ndiye aliyejenga. Ninyi hamwezi kuchomelea hata nondo ya dirisha." Akafunga bahasha, akaituma.