Mpelelezi wa Madunguni

“Kijana akajilaza majanini, akachungulia!” Kandida alipaza sauti huku akivurumisha donge la udongo kwa teo. Kundi la ndege likaruka, likatua tena hatua ishirini mbele. Ndege nao hawachoki, jamani.

“Akaona nini?” akauliza Yosefina kutoka dungu la pili.

“Akaona ghala limejaa mpunga mpaka mlangoni. Na walinzi watatu.”

“Watatu tu?”

“Watatu. Mmoja anaharisha, kutwa yuko kichakani.”

Yosefina akacheka mpaka jukwaa lake la miti likayumba. Kisha akageuka, akaweka viganja mdomoni, akaanza kumsimulia Kelestini wa dungu la tatu. Kelestini angempa wa nne, wa nne angempa wa tano, mpaka hadithi ifike dungu la sita, ukingoni mwa msitu, kwa mtoto aitwaye Ildefonce.

Kandida akaketi. Tangu asubuhi alikuwa amekula mizizi miwili ya yungiyungi, basi.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha upande huu wa Ifakara, ikabaki njaa. Mpunga uliopona ulikuwa mali ya Wadachi, hata kama jembe lililoulima lilikuwa la Kandida. Wanawake na watoto waliokamatwa walipandishwa madunguni kufukuza ndege. Ukishuka kabla jua halijazama, kiboko. Ukivuka shamba, kiboko na mnyororo juu yake. Kelele tu ndizo zilizoruhusiwa, maana mfukuza ndege bubu ana faida gani?

Kandida lakini hakukamatwa. Alijileta mwenyewe, kwa mpango. Mumewe Viktor alikuwa msituni na watoto wao wawili, pamoja na wanaume wengine wanane, wote mbavu nje. Mwanamume angeonekana karibu na ghala angenyongwa. Kwa hiyo waliagana hivi: kila siku Viktor atapita chini ya dungu la mwisho kama mchimba mizizi, amwombe mtoto wa pale amsimulie hadithi. Atakachokiona kijana wa hadithini, ndicho Kandida alichokiona.

Watoto wa madunguni hakuwaambia. Mtoto ukimpa siri kama hiyo, viboko vitano vinaitoa yote. Tena walikuwa na haja gani ya kujua? Hadithi waliipenda kuliko uji. Kijana wa rika lao, hana bunduki, hana baba, ana macho tu, na bado anawazunguka watu wazima wenye bunduki! Kila asubuhi walimwamkia Kandida mbiombio, kisha, “Dada, amefika wapi?” Hata askari mmoja alisimama chini ya dungu, akasikiliza, akacheka, “Mtoto mjanja huyo,” akaenda zake. Mkalimani wa Wadachi, aliyekijua Kindamba cha watoto hao kama mwenyeji, hakushughulika kabisa.

Jumatano Kandida akaona la kusema.

“Kijana akasikia wapagazi wanakuja Jumapili, wauchukue mpunga wote mpaka Mahenge. Akajua lazima wenzake waje Jumamosi adhuhuri, walinzi wakilala.”

“Dada, mwache apigane japo kidogo!”

“Hapigani. Anahesabu, anaondoka.”

“Ah, dada nawe!” Yosefina akanung'unika. Lakini akageuka, akasimulia.

Alhamisi jibu likarudi, dungu hadi dungu. “Dada! Ildefonce anasema imekolea! Hata wachimba mizizi wanaiomba!”

Kandida akafunika uso kwa kanga chakavu, akalia kwa furaha. Viktor anasikia. Ee Mungu, anasikia! Siku mbili tu, wanawe watakula wali.

Jumamosi adhuhuri walinzi wawili walilala midomo wazi, bunduki zimeegemezwa ukutani. Wa tatu alikuwa kichakani kama kawaida yake. Hata Kandida peke yake, na ungo mkononi, angeweza kuingia. Lakini kubeba mpaka wapi, na kwa miguu gani? Akasubiri wanaume wenye vikapu. Jua likapinda. Likazama.

“Viktor, umelala?” alisema kwa hasira, peke yake kule juu. “Watoto unawalisha nini?”

Jumapili wapagazi wakafika, wakafunga mizigo, wakafagia ghala hata punje zilizodondoka. Uliobaki shambani wakautia moto, waasi wasije wakaupata. Kisha wote wakaondoka, na walinzi wao, wala hakuna aliyewakumbuka watu wa madunguni.

Kandida akapita katika majivu, akipumzika kila baada ya hatua chache, kutoka dungu hadi dungu. Ukingoni mwa msitu alimkuta Ildefonce ameketi juu ya gogo, masizi usoni.

“Shikamoo, dada. Wewe ndiye mwenye hadithi?”

“Marahaba. Ndiye mimi. Kuna wanaume walipita hapa?”

“Wengi! Ijumaa walikuja tisa, na vikapu, na watoto wawili. Mmoja amebebwa mgongoni, hawezi kutembea. Wakaniomba niisimulie yote tangu mwanzo. Nikasimulia, dada, hawakupepesa macho.”

“Kisha?”

“Kisha wakatazamana. Yule mwenye watoto akavitupa vikapu vyake, wakashika njia ya milimani. Hata kwaheri hawakusema.”

Kandida akaketi goguni kando yake.

“Ildefonce. Uliwaambia walinzi ni watatu?”

Mtoto akacheka kwa fahari. “Watatu! Kwa walinzi watatu mpelelezi wa nini, dada? Kelestini alishawafanya kumi. Mimi Ijumaa nikawaongeza wakawa mia, na mizinga miwili langoni.”