Redio ya Misiba

Sheria yetu inasema hivi: wanafunzi wa uandishi wa habari hupeana alama kwa vyombo wanavyotaka kuanzisha, na aina ya habari itakayokataliwa darasani haitangazwi tena popote nchini. Shaweji, mwenzetu, alitaka redio ya misiba ya mitaani. Nilimpa mbili kwa kumi, nikaandika kwamba vifo havina wadhamini. Darasa zima likamkataa.

Mama, ambaye miguu haimtoi tena nje, bado hufungua redio adhuhuri, saa ya matangazo ya vifo ya zamani. Husikia muziki tu.

“Alhamdulillahi,” aliniambia leo, “mwaka huu watu hawafi.”

Nilikuwa nimetoka sokoni, nilikoambiwa kwamba shoga yake, Bi Mwanakheri, alizikwa mwezi uliopita. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

“Ila Mwanakheri kanisusa,” akaendelea, huku akifunika bakuli la visheti kwa kawa. “Haji tena, wala salamu haleti. Basi acha nianze mimi. Mpelekee hivi, mwanangu, umwambie nimeshamsamehe.”

Nikapokea bakuli, nikatoka nalo kama mtu anayejua aendako.