Skrini ya Ukuta Mzima

"Mama, wewe ndiye mjuzi wa vitambaa. Chagua wewe," mwanangu aliniambia, na mimi, mshonaji wa miaka yote hiyo, nikavimba kichwa pale pale dukani.

Nikaishika ile skrini kubwa ya projekta kwa vidole viwili, nikaivuta. Haikutanuka wala kujikunja.

"Hii," nikasema. "Zile nyingine zitalegea kama soksi kuukuu."

Muuzaji akacheka. "Mama hadanganyiki! Haya bosi, hicho chumba cha sinema kikoje?"

"Kina giza hata mchana," mwanangu akajibu. "Dirisha moja dogo, limetazamana na ukuta wa jirani. Mlango wake uko nyuma, karibu na jiko."

Kitambaa kilikuwa bado vidoleni mwangu.

"Na ukutani hakuna kitu?" muuzaji akauliza.

"Kuna msumari mmoja tu. Tutaung'oa."

"Basi tuje kesho kufunga?"

"Jumamosi." Alikuwa akichezea funguo za gari, bila kunitazama. "Mpaka hapo chumba kitakuwa kitupu."

Msumari ule niliupigilia mwenyewe, kwa kisigino cha kiatu, siku niliyohamia kwake. "Hapa ni kwako, mama," aliniambia siku ile. "Hakuna wa kukutoa."

Nikakiachia kitambaa. Kikapanda chenyewe, taratibu, kikajiviringisha ndani ya boksi lake.

"Kabla hamjaung'oa," nikamwambia muuzaji, "mshusheni kwanza baba yake. Picha yake iko hapo."